Gari Linalobeba Pumzi Yake

MSOMAJI mpendwa, je, umewahi kusimama nyikani jua likizama, gari lina mafuta ya kutosha, injini yanguruma bila kasoro, na bado huwezi kusonga hata hatua kumi? Mimi nimewahi. Tulichokosa hakikuwa mafuta wala dereva. Tulikosa upepo, kitu ambacho wewe na mimi hukivuta puani mchana kutwa bila kulipa hata senti moja.

Juma hili nitaweka kando mambo ya karo na mapishi. Nataka kukusimulia jinsi familia yetu ilivyoamua kuweka kompresa na tangi la hewa kwenye gari, na jinsi kazi hiyo iliyonuiwa kutuokoa ilivyokaribia kutuwekea bomu chini ya kiti cha watoto.

Hata kama huna gari, usifunge ukurasa. Kama una mtoto anayesoma Sayansi, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi wa Fizikia, hapa pana somo lako.

Kisa chenyewe kilianza likizo ya Agosti mwaka wa 2024. Mume wangu ana ndugu anayefundisha Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na kwa miaka mingi tulikuwa tukimwahidi kwamba tungemtembelea. Hayawi hayawi, yakawa. Tulipakia watoto wawili, mitungi ya maji na magunia ya vyakula ndani ya Land Cruiser kuukuu ambayo Baba Watoto aliinunua mnadani, tukashika njia ya kaskazini.

Hadi Marsabit hatukuwa na shida. Siku hizi lami imefika mpaka Moyale, na barabara iliyokuwa ikitikisa meno ya abiria sasa ni ya kuteleza tu. Shida ilianza tulipoiacha lami hiyo na kuelekea Kargi.

Mchanga ulipoanza kuyameza magurudumu, Baba Watoto alifanya kama marafiki zake walivyomfunza. Alipunguza upepo wa kila tairi kutoka paundi 32 hadi paundi 17. Ninaposema paundi nina maana ya paundi kwa kila inchi mraba, kipimo kile kile unachokiona kwenye geji ya kituo cha petroli.

Mbinu hiyo ni ya kweli. Tairi lenye upepo mwingi ni gumu na jembamba pale linapogusa chini, kwa hiyo huchimba shimo na kujizika. Tairi lililopunguzwa upepo hutandaza wayo wake kama ngamia, uzito ukaenea mahali papana, na gari likaelea juu ya mchanga. Tulivuka vizuri, watoto wakashangilia.

Lakini ngamia hachagui njia kama gari. Mbele ya mchanga kulikuwa na mawe, yale mawe meusi ya volkano yenye ncha kama visu. Tairi legevu kwenye mawe ni mauti yake. Ubavu wake hujikunja kila linapozunguka, hupata moto, na jiwe likiupiga hakuna upepo wa kuukinga.

Tulijua yatupasa kujaza upepo tena. Tulikuwa na pampu ya mguu. Baba Watoto aliikanyaga kwa dakika ishirini, geji ikapanda paundi nne tu, kisha pampu ikapumua kama mgonjwa na kunyamaza. Ngozi ya ndani ilikuwa imepasuka.

Tulienda polepole. Haikufaa kitu. Jiwe moja lilipasua ubavu wa tairi la nyuma, tukafunga la akiba. Mwendo wa saa moja baadaye, tairi la mbele likachomoka kwenye rimu yake, mzima kabisa lakini bila upepo hata kidogo. Akiba haikuwepo tena.

<b>Usiku mrefu</b>

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Kitinda mimba wetu, wa miaka mitatu, alikuwa akiharisha tangu asubuhi. Maji ya kunywa yalikuwa yamebaki kama lita tano. Simu hazikuwa na mtandao.

Wewe mzazi unajua usiku wa namna hiyo. Nilimnywesha mtoto maji kwa kijiko, nikihesabu vijiko, huku dada yake wa Gredi ya Sita akijifanya amelala ili asiombe. Baba Watoto alikaa nje akiutazama ule mpira uliochomoka kana kwamba angeweza kuujaza kwa macho.

Alfajiri Mungu alituletea lori la mbuzi. Dereva hakuuliza maswali mengi. Utingo wake alichomoa hosi ndefu, akaichomeka kwenye tangi la hewa la breki za lori, akapaka sabuni kwenye ukingo wa tairi letu na kufungulia. Tairi lililia pa! likarudi kwenye rimu yake. Robo saa haikuisha kabla matairi yote manne hayajarudi paundi 30.

"Ndugu," dereva alimwambia mume wangu, "gari kubwa hutembea na pumzi yake. Hili lako linaomba omba ya watu."

Alikataa pesa. Alikubali pakiti moja ya majani chai, akaenda zake. Adhuhuri mwanangu alikuwa kwenye zahanati akinyweshwa maji ya chumvi na sukari, na jioni alikuwa akimkimbiza kuku wa ami yake. Lakini neno la yule dereva lilirudi nasi hadi Nairobi.

<b>Daktari wa mifugo na baiskeli ya mwanawe</b>

Kabla sijaendelea, hebu tujiulize: upepo huu uliingiaje ndani ya tairi?

Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la hewa mwaka wa 1845, lakini wakati huo watu hawakuliona kuwa na faida. Ilibidi kungojea hadi mwaka wa 1888. Mwaka huo John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, aliunda tairi la hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo. Tangu siku hiyo dunia nzima hutembea juu ya hewa.

Naye George Westinghouse wa Marekani alikuwa amekwisha kutumia hewa hiyo hiyo kusimamisha garimoshi. Alipata hati ya breki za hewa mwaka wa 1869. Malori tunayoyaona kwenye barabara ya Mombasa ni warithi wa fikira hiyo, na ndiyo maana yana kompresa na matangi tangu yalipotoka kiwandani. Gari dogo halina, kwa kuwa breki zake ni za mafuta.

Kwa hiyo tulichotaka kufanya hakikuwa cha ajabu. Tulitaka kulipa gari dogo kile ambacho gari kubwa huzaliwa nacho.

<b>Hesabu ya jikoni</b>

Msomaji, nitakiri. Mwanzoni nilikataa. Nilimwambia Baba Watoto anunue pampu mpya ya mguu, kwa maana gharama ya kompresa, tangi na vifaa vyake ilikuwa inakaribia karo ya muhula mzima. Yeye alisema, "Mama Watoto, umesahau ule usiku?" Sikuwa nimeusahau. Ndipo nikachukua karatasi na kalamu tukae mezani tufanye hesabu.

Mwanasayansi Robert Boyle alitangaza mwaka wa 1662 kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huifahamu. Ukiibana hewa mpaka ikae katika nusu ya nafasi yake ya awali, presha yake huwa maradufu, mradi joto lisibadilike. Basi kanuni hiyo ndiyo itakayokuambia ununue nini.

Ndani ya tairi moja la gari kama letu mna nafasi ya kama lita 70. Kulipandisha kutoka paundi 17 hadi 32 ni kuongeza paundi 15, ambazo ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida iliyotuzunguka pwani. Maana yake ni kwamba kila tairi linahitaji kama lita 70 za hewa ya kawaida zisukumwe ndani. Matairi manne ni lita 280.

Sasa lichukue tangi la lita 10 lililojazwa hadi paundi 116, yaani bari 8. Hewa yake itaendelea kuingia tairini mpaka presha mbili zilingane, kisha itakoma. Kwa hiyo kati ya bari 8 hizo utatumia 5.8 tu, na zidisha kwa 10 upate lita 58. Lita 58 hazitoshi hata tairi moja!

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Hudhani tangi ndilo litakalojaza matairi. La hasha. Anayejaza ni kompresa. Tangi ni kibuyu cha akiba tu. Kazi yake ni kutoa hewa nyingi kwa ghafla, kama ile iliyorudisha tairi letu kwenye rimu, na kuipa kompresa nafasi ya kupumzika.

Kwa sababu hiyo nakupa ushauri ambao muuza vifaa huenda asikupe. Kama safari zako ni Nairobi hadi kijijini, na mara moja kwa mwaka Magadi au Amboseli, nunua kompresa ndogo ya kubebwa, ile inayobanwa kwenye betri kwa vibanio viwili. Itakutosha. Tangi na mabomba ni ya wanaosafiri mbali mara kwa mara, au wanaoongozana magari mawili matatu. Sisi tulikuwa tumekwisha kumwahidi ami tutarudi, na tairi lililochomoka lilikuwa limetupa funzo.

<b>Mtungi wenye maandishi</b>

Tulinunua kompresa ya umeme. Tangi ndilo lililotushinda bei. Baba Watoto akasema kuna fundi wa jua kali ambaye angetutafutia la bei nafuu. Sina la kumlaumu fundi huyo kwa ustadi wa mikono yake. Mtaani humo ana jina jema, na injini yetu yeye ndiye aliyeifufua.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Desemba, kwa hiyo tulikwenda na watoto. Fundi alitutolea mtungi mwepesi wenye tumbo la duara. Alikuwa amechomelea kichwa cha bomba upande mmoja na kuanza kuupaka rangi nyeusi. Mpango ulikuwa kuulaza chini ya kiti cha nyuma, ambako mawe yasingeufikia.

Binti yangu aliuzunguka, akainama upande ambao haujapakwa rangi, akasoma polepole. Kisha akanijia. "Mama, hapa wameandika mtungi huu usijazwe tena."

Nikaenda kutazama. Ni kweli. Ulikuwa mtungi wa gesi ya friji, wa aina inayotupwa gesi ikiisha.

"Mzee," nikamwambia fundi, "umeyaona maandishi haya?"

"Hayo ni maneno ya kampuni, mama," akajibu akitabasamu. "Wanataka tununue mwingine kila siku. Hiki ni chuma."

Baba Watoto akanivuta pembeni. "Mama Watoto, mwache fundi afanye kazi yake. Usituaibishe."

Msomaji, hapo nilikuwa na njia mbili: kunyamaza ili nisimvunjie mume wangu heshima mbele ya watu, au kusema. Wahenga walinena tahadhari kabla ya hatari. Niliangalia kile kiti cha nyuma. Ndicho wanachokalia wanangu.

Nilitoa ile karatasi yetu ya hesabu. Mfuniko wa mtungi ule ulikuwa na upana wa sentimita kama 20. Eneo lake ni takriban inchi mraba 48. Kompresa ikisukuma hadi paundi 120, kila inchi hubeba paundi 120, na jumla ni zaidi ya paundi 5,700. Hiyo ni zaidi ya tani mbili na nusu zikisukuma mfuniko mmoja usiku na mchana. Ni kama kuliegemeza gari lenyewe juu ya ule ukoko wa kuchomelea.

"Sisemi hutajui kazi, Mzee," nikasema. "Naomba tu tuujaze maji kwanza."

Kwa nini maji? Kwa sababu maji hayabaniki. Hewa iliyobanwa ni kama springi. Chombo kikipasuka, springi hiyo hufyatuka yote kwa mara moja na vipande vya chuma hugeuka risasi. Lakini chombo kilichojaa maji pomoni, bila kiputo cha hewa, kikipasuka hudondosha tu maji na presha ikafa hapo hapo. Ndiyo maana wataalamu hujaribu matangi kwa maji, kwa presha ya mara moja na nusu ya ile yatakayobeba.

Fundi alicheka, lakini hakukataa. Jirani yake ni fundi wa mabomba, na alikuwa na pampu ya mkono ya kujaribia mabomba ya nyumba. Waliujaza mtungi maji hadi ukatapika, wakafunga pampu, tukasimama nyuma ya ukuta. Paundi 40. Paundi 60. Paundi 80. Fundi akanitazama kama anayesema, si nilikuambia?

Kabla ya paundi 100 uzi mwembamba wa maji ukaruka kutoka kwenye chuma kilichochomelewa, ukapiga ukuta wa mabati, na geji ikaanguka hadi sufuri.

Hakuna aliyesema neno. Fundi aliukaribia, akapitisha kidole kwenye ufa, akakitazama kidole chake. Kisha akavua kofia.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mitungi kama hii nimefunga kwenye magari mawili."

Akatoa simu yake papo hapo. Nilimsikia akimwambia mteja wa kwanza atoe hewa yote, asiliwashe gari, atamfuata huko huko aliko. Wa pili alichukua muda kupokea, na dakika zile zilikuwa ndefu kuliko usiku wetu wa Kargi. Hatimaye alipokea. Siku hiyo fundi hakutufungia chochote. Alipanda pikipiki na spana zake akaenda kuifungua mitungi ile, na pesa za watu akazirudisha.

<b>Kazi ilivyofanywa</b>

Juma lililofuata tulirudi. Safari hii tulikuwa na tangi la breki za lori, jipya, lenye kibandiko cha kiwanda kinachoonyesha presha yake ya juu kabisa, ambayo ilikuwa paundi 200. Fundi mwenyewe ndiye aliyetupeleka kulinunua. Nitakueleza jinsi lilivyofungwa, ili ukipeleka lako ujue la kuuliza.

Jambo la kwanza ni mahali. Tangi lilifungwa chini ya gari, kando ya chesisi, mbali na ekzosi, kwa mikanda ya chuma yenye raba ndani ili lisisuguane. Halikutobolewa wala kuchomelewa popote. Tangi la presha likichomelewa baada ya kutoka kiwandani, kibandiko chake kimekuwa uongo.

Kompresa ilifungwa juu, ndani ya boneti upande usio na joto kali, mahali ambapo maji ya mtoni hayafiki. Inavuta hewa kupitia kichujio chake, kwa maana vumbi likiingia litaila kama msasa.

La pili ni umeme. Uliza kwanza kama gari lako ni la volti 12 au 24, kwani baadhi ya magari ya dizeli ya zamani ni ya volti 24. Ukikosea utaichoma kompresa siku ya kwanza. Yetu inakula ampea zinazokaribia 30, ambazo ni nyingi mno kwa waya mwembamba wa redio. Tulitumia waya mnene wa milimita mraba 6, moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi imewekwa karibu kabisa na betri.

Kumbuka kwamba fyuzi hailindi kompresa, hulinda waya. Waya ukichunika kati ya betri na fyuzi, hakuna wa kukata moto. Swichi ya dashibodi nayo haibebi umeme huo mzito. Huiamuru rilei, na rilei ndiyo hufungua njia. Injini iwe inawaka wakati wote wa kujaza, la sivyo utajaza matairi na kuimaliza betri.

La tatu ni walinzi wa presha, nao ni kama ngazi. Swichi ya presha huiwasha kompresa hewa ikishuka hadi paundi 90, na kuizima ikifika 120. Swichi hiyo ikigoma, valvu ya usalama hufunguka yenyewe kwenye paundi 150 na kumwaga hewa nje. Na tangi lenyewe lastahimili 200. Kila kipandio kiko juu ya kilichotangulia. Mtu akikuambia valvu ya usalama ni mapambo, badilisha fundi.

La nne ni hosi. Hewa inapobanwa hupata joto. Mtoto yeyote aliyewahi kujaza baiskeli ameuhisi moto wa pampu. Kwa hiyo kipande cha kwanza kinachotoka kwenye kompresa kiwe hosi iliyofumwa kwa waya wa chuma, si mpira wa kawaida. Kati ya kompresa na tangi pawe na valvu ya njia moja, ili hewa ya tangi isirudi nyuma. Nyuzi zote za skrubu zizungushiwe utepe mweupe wa mabomba.

La tano ni maji. Naam, maji! Hewa ina unyevu. Ikibanwa na kupoa ndani ya tangi, unyevu hugeuka umande na kutuama chini, kutu ikaanza kula chuma kimyakimya kutoka ndani. Ndiyo maana mahali pa chini kabisa pa tangi pana kifunguo kidogo. Kifungue baada ya kila safari. Ukikaa Mombasa au Kisumu utashangaa maji yatakayotoka.

Mwisho tulijaza hewa na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Viputo vilitokea mahali pawili, fundi akakaza. Tukaliacha hadi asubuhi, geji ikashuka kidogo mno.

Wapo wanaotumia kompresa ya zamani ya kipoza hewa inayoendeshwa na mkanda wa injini. Ina nguvu kweli. Lakini nyingi za kisasa hutegemea mafuta yanayozunguka pamoja na gesi yake. Ikisukuma hewa tupu bila kupewa mafuta itakufa mapema. Wala gesi iliyomo isiachiliwe hewani. Kuna mafundi wenye mashine ya kuivuta. Sisi tuliona umeme watutosha.

<b>Tulirudi</b>

Agosti ya mwaka wa 2025 tulikwenda tena Loiyangalani kwa njia ile ile. Kabla ya mchanga tulipunguza upepo hadi paundi 17 na kwenda mwendo wa chini ya kilomita 40 kwa saa. Mchanga ulipoisha Baba Watoto alisimama, akainua boneti, akabonyeza swichi. Binti yangu ndiye aliyeshika geji. Kompresa hutoa hewa kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye sanduku lake, kwa sababu nambari ile hupimwa bila mzigo, lakini baada ya kama dakika kumi na tano matairi yote yalikuwa tayari kwa mawe. Kitinda mimba alilala muda wote.

Tulipofika karibu na mahali tulipolala mwaka uliotangulia, tulikuta pikipiki mbili zimesimama, moja ina pancha. Vijana walikuwa wameshaziba tundu, wanasukuma pampu ya mkono huku jasho likiwatoka. Baba Watoto alichukua hosi kabla hawajaomba. Mmoja alitaka kumlipa, mume wangu akatikisa kichwa. "Mna majani chai?" akauliza. Hawakuelewa kwa nini mimi na binti yangu tulicheka.

Msomaji, kama unataka kuweka tangi la hewa garini, nina maombi manne tu. Usikubali mtungi wa gesi ya friji wala wa gesi ya kupikia ugeuzwe tangi. Usikubali tangi likae ndani na abiria. Usikubali kazi isiyo na valvu ya usalama. Na tangi likiwa limetumika, lijazwe maji na kupimwa kabla halijaonja hewa. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 hudai matangi ya hewa ya viwandani yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Gari lako si kiwanda, lakini wanao ni wafanyakazi wa thamani kuliko wote.

Fundi wetu bado ana ule mtungi. Ameutoboa tundu la kupitisha ngumi asije mtu akauchukua, na kuuning'iniza mlangoni pa karakana. Mteja akimletea wa namna hiyo, humwonyesha ule ufa kwanza, kisha humwambia alivyougundua. Husema ulisomwa na mtoto.

Hadi juma lijalo, kagua upepo wa tairi la akiba. Nakuhakikishia hujaliangalia tangu Krismasi.